Breki Zilizokuja kwa Njia ya Mandera

Kipande cha lainingi kiliniponyoka mkononi saa nne asubuhi, kikagonga sakafu ya saruji na kuvunjika vipande vitatu. Lainingi ni lile bamba nene linalofungwa ndani ya gurudumu la lori. Dereva akikanyaga breki, ndilo linalosugua chuma mpaka gari lisimame. Halivunjiki kwa kuanguka kutoka kaunta. Nilikuwa nimeuza lainingi kwa miaka minne, na nilikuwa nimeziangusha mara nyingi, nikaziokota, nikazipangusa na kuzirudisha kwenye sanduku. Hii niliizoa kwa kiganja, kama makombo ya biskuti.

Ndani ilikuwa na rangi ya pumba. Niliiparura kwa ukucha, ikachubuka. Niliinusa, ikanuka gundi. Nikatoa nyingine kwenye sanduku lilelile, nikaiachilia makusudi. Nayo ikavunjika.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimempa kaka yangu sanduku kama hilo kwa mikono yangu. Aliegemea kaunta, akaniuliza, "Walaal, ndugu yangu, hizi ndizo zile za siku zote?" Nami, bila kuinua macho, nikamjibu, "Ndizo." Fundi alizifunga siku iliyofuata. Na asubuhi hiyo, saa mbili, kaka yangu alikuwa ameondoka Garissa katika msafara wa malori yaliyosindikizwa na polisi, akielekea Modogashe halafu Wajir, amebeba sukari na unga, na abiria wameketi juu ya magunia.

Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, nikiwa bado nimefumbata makombo yale.

Duka lilikuwa la mjomba wangu, ndugu ya mama. Kwa Kisomali mjomba ni abti, na yeye pia humwita mpwa wake abti, kwa hiyo siku nzima tulikuwa tukiitana jina moja kutoka kila upande wa duka. Aliniajiri nilipomaliza kidato cha nne kwa sababu nilijua kusoma katalogi. Mafundi walinicheka mwanzoni. "Msichana atatuuzia nati au ushanga?" waliulizana kwa sauti ili nisikie. Walinyamaza walipoona naweza kuwatajia nambari ya kipuri cha lori lolote lililovuka daraja la Tana.

Katika miaka ile ya tisini kipuri kilifika kwetu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu na halali: kutoka Japani kwa meli hadi Mombasa, kikalipiwa ushuru, kikafika kwa wakala wa Nairobi, kisha kikapanda basi kupitia Thika na Mwingi. Malori mengi yalikuwa yameunganishwa hapahapa nchini, na mawakala walitaka yatumie vipuri vyao tu. Njia ya pili ilifunguka baada ya serikali ya nchi jirani kuanguka. Bidhaa zilitoka Dubai, zikashushwa kwenye bandari ambazo hazikuwa na mtu wa kuuliza karatasi, zikasafiri hadi Mandera na kuteremka kwetu. Nyingi zilikuwa za Kijapani kweli, zimekwepa ushuru tu. Wakati huohuo magari makuukuu ya Japani yalianza kumiminika nchini, na kila mwenye gari alitafuta kipuri cha bei nafuu. Duka la ng'ambo ya barabara liliuza kwa nusu ya bei yetu. Kwa mwaka mzima abti alikataa kununua kwa njia ya Mandera. Kisha wateja wakapungua mpaka ikawa siku nyingine inapita bila mtu kuingia ila kuomba maji ya kunywa. Mwezi ule akakubali shehena ya kwanza. Masanduku yalikuwa ya kijani, yamechapwa maandishi ya Kijapani. Nani Garissa angeyasoma? Tuliyaona maandishi, tukaridhika.

Kumbe kuna mahali duniani, hata leo sijui ni wapi, palikuwa na karakana iliyobana pumba na gundi, ikazipaka rangi nyeusi na kuzitia kwenye masanduku mazuri. Nazo zilikuwa zimejichanganya na bidhaa za kweli katika vumbi lilelile la Mandera.

Abti aliporudi kutoka sokoni nilimwonyesha kiganja changu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameona?"

"Mimi tu."

"Funga mlango nusu. Mwite fundi."

Fundi alikuwa mtu wa Mwingi, mwenye karakana nyuma ya duka. Alichukua chembe moja, akaitafuna kwa ncha ya jino na kuitema. "Hii si lainingi, mzee. Hii ni mahamri ya juzi."

"Wacha mchezo," abti alisema. Kiswahili chake kiligeuza kila p kuwa b, na akiwa na hofu kilizidi. "Wewe ndiyo ulifunga. Kwa nini hukuona?"

"Rangi ilikuwa juu, mzee. Na mimi nikiletewa sanduku kutoka duka lako, nalipasua nilionje?"

Abti akalimeza hilo. "Sasa itabeba yeye mbaka wabi?"

Fundi akaacha mzaha. Alieleza polepole, akihesabu kwa vidole vyenye grisi. Kwenye tambarare, dereva akienda taratibu na kupunguza mwendo kwa gia, lainingi hizo zinaweza kushika siku kadhaa. Lakini akikimbiza lori lenye mzigo, akakanyaga breki kwa nguvu mara tatu au nne kwenye malaga, zile sehemu ambapo barabara inateremka ghafla kwenye mto mkavu, zitapata moto. Zikipata moto, gundi itayeyuka. "Hapo atakuwa anakanyaga hewa."

"Na akirudi bolebole?"

"Polepole anaweza kurudi mpaka hapa mlangoni."

Nikaona uso wa abti ukifunguka kidogo. Alikuwa amepata njia: lori lirudi taratibu, lainingi zibadilishwe, na asijue mtu.

Hatukuwa na simu ya kufika Modogashe. Tulikuwa na taar, redio ya mawasiliano yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya paa, na kila mji wa kaskazini mashariki ulikuwa nayo. Taar haikuwa na siri. Ukizungumza Garissa, walikusikia Wajir, Mandera, Bute, na kila mfanyabiashara aliyeketi benchi akingoja zamu yake. Watu waliposa, waligombana na kutaliki mbele ya wilaya tatu. Ndiyo maana abti, tulipofika ofisi ya taar naye akashika kifaa cha kuongelea, alichagua maneno machache. Walizungumza kwa Kisomali, kila mmoja akimaliza kwa neno "ofa" ili mwenzake ajue ni zamu yake.

"Modogashe, mwambie dereva wa lori la bluu, mpwa wangu, akifika ageuze arudi Garissa leo. Ofa."

"Garissa, kwa sababu gani? Ofa."

Benchini kwetu alikuwapo mwenye duka la ng'ambo ya barabara, anachokonoa meno. Abti akamtazama, kisha akatazama redio. "Hakuna sababu. Arudi tu. Ofa."

Redio ilifoka kidogo. Kisha yule wa Modogashe akasema kwa sauti ya chini, "Tumeelewa. Inshallah atafika kwa wakati."

Nilisikia neno hilo, wakati, na sikujiuliza. Mwenye duka la jirani aliacha kuchokonoa meno, akainuka na kumshika abti mkono kwa mikono miwili. Hilo nalo nililiona. Nilidhani ni adabu tu.

Nilirudi nyumbani adhuhuri kumpikia baba. Alikuwa na ugonjwa wa kifua uliomtesa mwaka ule mzima, lakini siku hiyo alikuwa ameketi nje kivulini, tusbihi mkononi. Sikuwa na nguvu ya kuficha. Nilimweleza yote: lainingi, fundi, taar. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza habari za mvua.

"Abti wako alisema arudi."

"Ndiyo, baba."

"Leo leo."

"Ndiyo."

"Na sababu?"

"Hakuisema. Mwenye duka la jirani alikuwa pale."

Tusbihi ikasimama vidoleni. "Basi mimi nimekufa," baba alisema.

Sikumwelewa mara moja, na hilo bado linanishangaza, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nimeishi ndani ya desturi hiyo. Kwetu, mtu aliye safarini hapewi habari ya msiba kwa taar. Anaambiwa arudi, basi, na hakuna anayeitwa nyumbani bila sababu ila kwa mazishi. Kila aliyekuwa kwenye redio aliyasikia maneno ya abti hivyo. Mimi na abti hatukufikiri hivyo kwa kuwa hatukuwa tukificha kifo. Tulikuwa tukificha breki.

"Maiti yangu itazikwa leo," baba aliendelea, kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele. "Anajua hatutamngoja kupita magharibi. Ana njia ya saa tano. Mwanangu hatarudi polepole."

Nilikimbia. Sikumbuki kuvaa viatu. Kutoka mtaani kwetu hadi ofisi ya taar ni mwendo wa dakika kumi na tano, na njia nzima nilikuwa nikiliona lori la bluu likiteremka kwenye laga, mguu wa kaka yangu ukizama mpaka chini. Watu watatu walinisimamisha wanipe pole ya msiba. Nilipowasukuma walidhani ni uchungu.

Mwendeshaji wa redio aliiita Modogashe. Sauti ileile ikajibu. "Alifika, tukamwambia, akageuza palepale. Amekwishaondoka, ni nusu saa sasa. Polisi walimkataza asiende bila msafara, hakuwasikia. Ofa."

"Ameshusha mzigo? Abiria je? Ofa."

"Mzigo hakushusha. Abiria wa Wajir wameteremka, wamebaki hapa. Lakini jamaa zenu wa hapa wamepanda, wanaume kwa wanawake, waje kuwazikia. Watu kumi na watano hivi. Poleni sana. Ofa."

Nikashika meza. Kumi na watano. Walikuwa wamepanda kwa huruma, juu ya magunia ya sukari, kwenye lori ambalo mimi ndiye niliyeliuzia breki za pumba.

Abti alikuwa amefika, na nyuma yake baba, akihema, ameegemea ukuta. Benchi lilikuwa limejaa. Katikati ya njia ya Modogashe palikuwa na kijiji kidogo chenye bwawa la kunyweshea ngamia, na mama mmoja mwenye duka pale alikuwa na taar. Mwendeshaji akaanza kumwita. Abti akainama sikioni pangu.

"Abti, mwambie amsimamishe. Usitaje breki. Sema baba yake yu hai, inatosha."

"Na akisimamishwa, akasikia baba yu hai, ataendelea na safari. Na breki ni zilezile."

"Ukisema breki, duka limekwisha. Unajua hilo? Miaka kumi na tisa."

Nilijua. Nilijua pia kwamba mchele na sare za watoto wake vilitoka kwenye duka hilo, na hata nguo niliyovaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekosa wateja.

Mama wa bwawani aliitika. Nikachukua kifaa kutoka mkononi mwa mwendeshaji, nikakibonyeza kwa nguvu mpaka kidole kikauma.

"Mama, nisikie. Lori la bluu linakuja kutoka Modogashe, linakimbia. Breki zake ni feki. Tulimuuzia sisi, duka la abti wangu, mimi mwenyewe nilizitoa. Na baba yetu hakufa, yuko hapa. Msimamisheni dereva. Ofa."

Wilaya tatu zilikuwa zimenisikia. Kisha mama yule akajibu, kavu, kama anayeulizwa bei ya kiberiti.

"Binti, akiona wanaume wamesimama njiani atadhani ni majambazi, atakanyaga mafuta. Ofa."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Katika miaka ile dereva hakusimama porini kwa ajili ya mtu.

"Basi watoke wanawake," nilisema. "Wasikae njiani, mama, wasikae kabisa mbele yake! Wasimame kando, mapema, kabla ya laga, wapunge shuka. Wapaaze sauti kwamba baba yake yu hai. Ofa."

"Huku hatukosi sauti," alisema. "Ngoja. Ofa."

Tukangoja. Mwendeshaji alikataa kumpa mtu mwingine zamu, na hakuna aliyedai. Mwenye duka la jirani alikuwa ameketi palepale, hakunitazama. Nilitegemea atafurahi, lakini uso wake ulikuwa umejikunja, na baadaye kidogo alitoka nje haraka, akavuka barabara kuelekea dukani kwake. Nikaelewa kwamba naye alikuwa na masanduku ya kijani.

Baba alikuwa akisoma dua bila sauti. Mimi sikuweza kusoma chochote. Nilihesabu waya juu ya ukuta, nikahesabu misumari ya benchi. Kila redio ilipofoka nilipoteza hesabu, nikaanza upya. Mara moja sauti ya Mandera iliuliza kama ni kweli, mwendeshaji akaifokea inyamaze.

Alasiri iliadhiniwa. Hakuna aliyetoka.

Kisha ikaja sauti ya mama wa bwawani, safari hii anahema. "Garissa. Amesimama. Ofa."

"Vipi? Wazima? Ofa."

Alituambia kwa mafungu, akikatizwa na kelele za watu nyuma yake. Kaka yangu aliwaona wanawake wakipunga shuka, akakanyaga breki. Lori likapunguza mwendo, moshi ukatoka magurudumuni. Akakanyaga tena, mguu ukaenda mpaka chini. Mbele yake palikuwa na laga. Alikata usukani akapanda tuta la udongo uliochimbwa bwawani, lori likapanda, likapanda, likabaki limeinua pua juu kama ngamia anayekataa kupakiwa. Magunia yaliteremka na watu juu yake. Mzee mmoja amevunjika mfupa wa bega. Wengine wana michubuko na sukari kwenye nywele.

Abti alikaa chini sakafuni, pale alipokuwa amesimama.

Halafu kaka yangu akaja redioni. Hakusalimu. "Niambieni ukweli. Baba amezikwa saa ngapi? Ofa."

"Hakufa," nilisema. "Yuko hapa, ofa."

"Walaal, usinidanganye. Mimi si mtoto. Mnanituliza ili nisikimbie. Ofa."

Baba akaninyang'anya kifaa. Hakujua kukitumia, mwendeshaji akambonyezea. "Wewe!" alipiga kelele, na kifua chake kikakohoa mbele ya kaskazini mashariki yote. "Wewe uliyelala usingizi Kotile ukapoteza ngamia wawili, ukaja kuniambia wameliwa na simba! Hakukuwa na simba! Nilikwenda kutazama nyayo, zilikuwa za ngamia tu. Miaka ishirini nimekusitiri. Maiti gani inajua hayo?"

Halafu, kwa mbali, nikasikia kaka yangu akilia, na nyuma yake watu wakicheka, na Wajir, ambayo haikuulizwa, ikaingia: "Simba wa Kotile! Ofa!" Benchi letu lote likalipuka kwa kicheko. Baba naye alicheka mpaka ikabidi ashikiliwe.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka kwamba kaka yangu hakuwa mteja pekee wa wiki ile. Nilimwambia mwendeshaji asizime. Lori la kijani lenye turubai jipya, liko njia ya Mandera. Lile la wauza ng'ombe, lipo Wajir. Magari mawili ya maji. Nilitaja kila moja kwa rangi na mzigo, mwendeshaji akaita mji baada ya mji, nami nikarudia maneno yaleyale: msiendeshe, breki ni feki, tuliuza sisi. Kila niliporudia, hofu haikupungua hata kidogo. Ilihama tu kutoka lori moja hadi jingine.

Nilipofika mwisho nilisema, "Ni hayo tu."

"Siyo," abti alisema kutoka sakafuni. "Lile jekundu. Dereva wake alikuja ulipokwenda kuswali, nikamuuzia mimi. Amekwenda Bute." Akainuka kwa kushika ukingo wa meza. Bute ina vilima. Kila mtu chumbani alilijua hilo.

Nikamnyooshea kifaa. Alikitazama kwa muda, kisha akakichukua na kukiweka karibu na mdomo.

"Bute, Bute, hapa Garissa. Ni mimi mwenye duka la vipuri. Ofa."

Redio ilifoka tu. Akaita tena, na tena. Mara ya nne mtu akajibu kwamba dereva wa lori jekundu ameonekana sokoni, anatafuta abiria, anakusudia kuondoka sasa hivi.

"Kimbia," abti alimwambia yule wa Bute. "Breki nilizomuuzia dereva ni feki. Usimalize kunisikiliza. Nenda ukachukue ufunguo mkononi mwake."